Mzee wa Kanisa Juu ya Mbuzi ya Nazi

Mpendwa Bi Mashavu,

Nakuja kwako pekupeku, msaada nnautaka na haya ninazo, na nakuomba usinicheke mpaka umalize kusoma, ukishamaliza cheka utakavyo, maana hapa kichochoroni kwetu wameshaanza bila ya kunitaka ruhusa. Miye ni mzee wa miaka sabini na kitu, hicho kitu nakijua mwenyewe, fundi seremala niliyeachishwa kazi na nyonga yangu, mke wangu kashatangulia, nakaa juu katika nyumba moja kongwe ya Mji Mkongwe, na kwa dini ni Mkristo, tena si wa Krismasi na harusi tu, ni mzee wa kanisa mwenye kiti chake mbele, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya huduma, ile inayokwenda kuwaangalia wagonjwa na kuwapelekea sabuni na sukari wasiojiweza, halafu tukasimama nao tukapigwa picha. Skuli sikufika mbali, nilitoka kabla mwalimu hajafika kwenye nukta, kwa hivyo humu zikikosekana zitie wewe.

Kwa wasomaji wako wasiokwenda kanisani nieleze kwanza. Kila mwaka, Alhamisi ya kuamkia Ijumaa Kuu, padri wetu huvua joho lake la juu, akajifunga taulo kiunoni, akapiga magoti akawaosha miguu watu kumi na wawili, kama alivyofanya Bwana Yesu kwa wanafunzi wake usiku ule wa mwisho, kutufunza kwamba aliye mkubwa ndiye mtumishi wa wenzake. Ni jambo zuri, watu hulia. Ila nikwambie siri ya jikoni, Bi Mashavu: hakuna miguu misafi Unguja nzima kama hiyo inayopelekwa kwa padri ikaoshwe. Wiki nzima watu wanasugua. Kuna mwenzetu mmoja huenda saluni, akakaa na mabinti akakatwa kucha. Padri wa watu anaimwagia maji miguu inayong'aa kama sahani za kabatini, anaipangusa, na sote tunatoka tukisema leo tumefundishwa unyenyekevu.

Basi mwaka huu Jumapili ya Mitende jina langu likatajwa miongoni mwa hao kumi na wawili. Na mwaka huu Kwaresima yetu na Ramadhani zimekwenda pamoja, majirani zangu wanafunga na miye nafunga, ingawa wa kwangu ni mfungo wa kizee, una chai. Nikafurahi kutajwa, nikarudi nyumbani, nikaitazama miguu yangu kwa mbali, nikaacha kufurahi. Ina magaga ambayo ukitia senti ndani hutoiona tena. Jumatatu nikakaa ngazini, nimechukua kipande cha msasa nimekigongomea kwenye ubao mrefu, kwa sababu nyonga hainiruhusu kuufikia mguu wangu mwenyewe, alikuwa akiutazama mke wangu, na tangu afe hapana mtu aliyeushika, basi nasugua hivyo, mara nimejisugua kifundo, mara ubao umeniponyoka ukashuka ngazi wenyewe mpaka chini, na chini ndiko anakokaa Bi Salhiya.

Bi Salhiya si jina lake, nalificha. Huyu na miye tumenyonya ziwa moja, na nalisema mapema msije mkanidhania mengine. Nyumba hii zamani ilikuwa ya kwao, Waarabu wenye mashamba, na mama yangu alikuwa akiwafulia nguo, tukikaa chumba cha uani. Mama yake alipomzaa aliumwa sana, maziwa yakakataa, na mama yangu alikuwa na miye kifuani, basi yule mtoto akamweka upande wa pili. Kwa dini yao hiyo imeshatufanya ndugu, hata udhu wake hautenguki akinigusa, na miye ni kaka yake mpaka tufe. Dunia ikageuka, nyumba ikakatwa vyumba, yeye akabakia chini na miye nikapanda juu, lakini lile ziwa halikugeuka.

Akatokea chini ya ngazi, ubao wangu mkononi.

"Kaka, unapiga msasa mguu wa kiti au wa kwako?"

"Wa kwangu. Alhamisi naoshwa miguu na padri."

"Na ndio unaiosha kabla hajaiosha?"

"Dada, huwezi kumpa mtu wa Mungu miguu kama hii."

Akapanda ngazi mbili tatu, akainama, akaitazama. "Audhubillahi! Hii si ya mtu, ya kasa hii. Teremka."

Nikateremka. Ujanani mwake Bi Salhiya alikuwa akiwasinga maharusi, mji mzima ukimjua, na jiwe lake la kusugulia bado analo. Akanikalisha kwenye kiti, akaleta beseni la maji ya moto, chumvi na ndimu, akakaa chini sakafuni, mtu aliyezaliwa ndani ya nyumba ile akiwa binti wa mwenye nyumba, akaweka mguu wangu juu ya paja lake juu ya kanga kuukuu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, aliteleza chooni akaanguka, alikuwa akisugua kwa wa kushoto. Na saumu yake kinywani, midomo imemkauka. Miye sikuweza kutulia.

"Dada, basi. Inatosha."

"Haijatosha. Bi harusi gani wewe usiyekaa kitako?"

"Kazi hii si ya kwako."

"Tulia. Lete na wa pili."

Kila mwaka padri anatuhubiria namna Petro alivyokataa kuoshwa miguu na Bwana wake, na kila mwaka miye nasema moyoni, huyu Petro naye anapoteza wakati wa watu, si aoshwe tu chakula kisipoe. Jumatatu ile nilimwelewa Petro. Kuosha miguu ya mtu si kazi, nimewaosha wazee wengi na kamati yangu. Kukaa kwenye kiti ukaoshwa ndiyo kazi. Machozi yakanitoka, nikasema ni ndimu.

Alipomaliza nikatia mkono mfukoni. Akaniambia, "Utoe huo mkono mtupu, la sivyo utakuwa mbovu kuliko wangu." Nikamwambia basi nikufanyie nini, dada yangu, sema chochote. Akafikiri kidogo. "Nikunie nazi."

Hapa ndipo balaa lilipoanzia. Bi Salhiya kila Ramadhani anapika futari ya nazi mpaka Idi, na si ya kwake peke yake, ni ahadi aliyomuahidi Mungu wake tangu alipofiwa na mumewe, anawapikia wazee wa kichochoro chetu wasio na mtu, anafunika sahani kwa kawa na zinapelekwa nyumba kwa nyumba, haulizi huyu anafunga au hafungi, na sahani moja huwekwa ngazini kwangu, akagonga mkono wa ngazi akaita "Kaka!" nami nikashuka. Muhogo wa nazi, ndizi za nazi, magimbi ya nazi, Mungu anisamehe, kuna siku za Kwaresima namuomba jua lizame upesi utadhani miye ndiye niliyefunga. Nazi alikuwa akimkunia mpwa wake, Wanu, naye mwaka huu kaenda kwao Bwejuu kujifungua. Na ile ya kukuniwa kwa mashine sokoni Bi Salhiya haitaki, anasema tui lake lina ladha ya msumari.

Nikasema nitakuja. Nilisema kwa kishindo, kama tunavyosema kwenye kamati. Jumanne nikashuka na sanduku langu la zana, nikaiona mbuzi yake inacheza mguu, nikaigonga ikatulia, nikaona bawaba ya dirisha imelegea, nikaikaza, nikauona mlango wa kabati haufungi, nikaupiga randa, yeye amesimama ananitazama na nazi mkononi.

"Kaka, sikukuomba fundi," alisema. "Nilikuomba mkunaji."

Nikakaa. Bi Mashavu, wewe ni mwanamke, hujui mwanamme wa makamo yangu anavyojiona akipanda juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Kikoi kimekunjwa, magoti huku na huku kama chura, na mbuzi yenyewe iko mlangoni, kwa sababu ndani kwake kiza hata mchana, na mlango unatazama kichochoro, na mbele yake kuna barza ya Himid muuza kahawa, na huyu Himid jina lake nimelitaja la kweli kwa sababu anastahiki. Kwa kuwa mchana wa Ramadhani hauzi kahawa, hana kazi ila kutazama watu. Jumanne alikuwa amelala, Mungu akanisitiri. Nikakuna. Bi Salhiya alinicheka namna ninavyoishika nazi, akanionesha nianzie pembeni niizungushe, nisiichimbe nikafika kwenye weusi, na baada ya muda mkono ukazoea, na nilikuwa na raha fulani ambayo siwezi kukueleza, yeye anakoroga huko ndani, miye nakuna huku nje, kama tulivyokuwa watoto uani.

Jumatano Himid alikuwa macho. Nimo katikati ya kazi, nazi imenirukia mpaka kwenye nyusi, mara nasikia sauti ya padri inaingia kichochoroni, amefuatana na wazee wawili wa kanisa, wananitafuta kunieleza mpango wa Alhamisi. Sijui nini kilinipata. Nyonga isiyonifikisha hata mguuni kwangu ikaruka! Nikaitupa ile nazi ndani, nikajikuta nimesimama mlangoni, mikono nyuma, kama mkaguzi.

Himid akapaza sauti, "Padri! Mzee wako kapata ajira, anakuna nazi!"

Wale wazee wakacheka. Padri akatabasamu tu, hakuna ubaya ndani yake yule, akauliza, "Kweli, Fundi? Unakuna nazi?"

Na miye nikasema, na maneno haya nayaandika kama yalivyotoka, "Miye? Hasha! Nilikuwa naijaribu mbuzi, nimeitengeneza mguu. Mambo ya jikoni ya watu yananihusu nini?"

Nyuma yangu, Bi Mashavu, mwiko ukanyamaza ndani ya sufuria.

Nikaondoka na padri, sikugeuka. Magharibi ile nikasubiri. Mkono wa ngazi ukagongwa, lakini "Kaka" haikuitwa. Nikashuka, sahani ipo, kawa ipo juu yake, nikafunua. Muhogo wa chukuchuku. Maji na chumvi, mweupe, umekaa pale unanitazama. Nazi ilikuwa nusu, haikufika hata kwa wazee wengine, jioni ile kichochoro kizima kilifuturu chukuchuku kwa ajili yangu. Angeninyima ningejua pa kushika, ningekasirika nikapoa. Hakuninyima. Nikaula wote na kila kipande kilishuka kama unga wa mbao.

Alhamisi nikakaa mbele na wenzangu. Padri akapiga magoti, akauchukua mguu wangu, akautazama, akaninong'oneza, "Mzee, miguu yako laini mwaka huu. Nani kakusugua?" Angalia nilivyofunguliwa mlango! Nikajibu, "Nimejisugua mwenyewe." Akanimwagia maji. Nikalia mpaka mabega yakatikisika, na kina mama wa kwaya wakaniangalia wakasema tazameni mzee alivyoguswa na Roho.

Pasaka imepita. Ramadhani bado iko. Miye tangu siku ile nashuka ngazi pale tu ninapousikia mlango wake umefungwa, na sahani bado zinakuja, chukuchuku, na haniiti. Na mchana nikilala naisikia mbuzi huko chini, kr, kr, inasimama, muda mrefu kimya, kisha kr, moja, inasimama tena. Anajaribu kwa mkono wa kushoto. Ameahidi kwa Mungu wake kupika kwa nazi mpaka Idi na ahadi yenyewe inavunjika miye nikiwa huku juu nimejilaza.

Basi nishauri. Nimefikiri kumnunulia blenda Darajani nikamuwekea mlangoni bila ya jina, je, itafaa? Au nikamkunie uani, alfajiri kabla watu hawajaamka, kwani lazima iwe mlangoni? Na padri ni lazima ajue? Miye nimelitumikia kanisa umri wangu wote, nimebeba maiti, nimebeba wagonjwa, nimezibua na vyoo vya kanisani, sikuona haya, kwa nini nazi moja imenishinda?

Ni miye,
Mwenye Miguu Laini,
Kajificheni, Unguja

*

Mzee wangu Mwenye Miguu Laini,

Shikamoo. Nimekutii, sikucheka mpaka mwisho. Halafu nikacheka. Halafu nikarudi pale mwiko uliponyamaza, nikaacha. Barua yako nimeitoa mbele ya nyengine zote, waume wanaokoroma na mawifi waliohamia watanisamehe, kwa sababu Idi haitongoja wewe upate ujasiri, na kila siku unayokaa huko juu ukifikiri, kuna mwanamke huko chini anakuna kwa mkono usiojua kukuna.

Nianze na lile swali lako la mwisho, maana jibu lake umeliandika mwenyewe na hukuliona. Vyoo vya kanisani ulivizibua ukiwa fundi. Wagonjwa uliwabeba ukiwa mwenyekiti. Kila ulipotumikia watu ulikuwa na cheo mkononi, na mtu alikuwepo pembeni wa kusema ahsante Mzee, na siku nyengine na kamera. Juu ya mbuzi hukuwa fundi wala mwenyekiti. Ulikuwa mtu anayekuna nazi, na aliyekuwepo pembeni alikuwa Himid. Ndiyo maana ulitengeneza bawaba. Ndiyo maana ukapiga randa mlango wa kabati ambao hakuna aliyekuuliza habari zake. Ulikuwa tayari kumfanyia Bi Salhiya kila kitu ila kile alichokuomba.

Sikulaumu kwa kuona haya, baba yangu. Haya ni haya, na barza ya watu wasio na kazi ni kali kuliko mahakama. Kinachonichoma ni yale maneno. "Mambo ya jikoni ya watu yananihusu nini?" Wewe? Wewe unayeliombea jua lizame kwa ajili ya sahani iliyotoka jiko hilohilo?

Mimi si mtu wa kanisani, jina langu linasema. Lakini skuli nilikaa dawati moja na mtoto wa mwinjilisti, na huyo mwenzangu alikuwa hawezi kukaa kimya wakati wa hesabu, basi hadithi zenu ninazo nyingi. Petro wako ninamjua. Najua kwamba hakukataa kuoshwa miguu tu. Najua pia alikaa penye moto wa watu, akaulizwa kama anamjua mwenzake, akasema simjui, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ndipo jogoo akawika. Sasa hesabu na wewe. Kwa padri mlangoni, ya kwanza. Kwa padri kanisani, mguu ukiwa mkononi mwake, ya pili. Na hiyo blenda unayotaka kuiacha mlangoni bila ya jina, Mzee wangu, hiyo ndiyo ya tatu. Usiinunue. Usimpelekee mashine ikamuombe radhi kwa niaba yako.

Na nisikuache ukidhani umeoza. Hukuoza. Mtu aliyeoza halii. Ulikaa kwenye kile kiti, ukampa mwenzako miguu ambayo tangu afe mkeo haijashikwa na mtu, ukakubali kutazamwa ulivyo, na magaga yako, na ulivyokuwa huwezi kuinama. Hilo ni gumu, na ulilifanya. Wewe mwenyewe umesema kwamba kuoshwa ndiyo kazi. Nakuamini. Alhamisi yako kuu ilikuwa Jumatatu, na haikuhubiriwa na mtu. Na chukuchuku unayoletewa usiione kuwa ni chuki. Mwanamke mwenye chuki hafuniki sahani kwa kawa. Anakwambia tu ladha ya kitu ulichokiacha nusu.

Sasa sikiliza na ufanye kama nnavyosema, usizidishe wala usipunguze, najua mafundi mnavyopenda kuzidisha.

Kesho adhuhuri ikishapita, shuka ngazi, na ushuke mlango ukiwa wazi. Usibebe sanduku la zana. Usivae lile shati la kanisani. Piga hodi, useme, "Dada, nimekuja kukuna." Basi. Usitoe hotuba, usilie, usimtaje Petro, hana haja ya Petro, ana haja ya tui. Asipokujibu, kaa kwenye mbuzi uanze. Akikunyang'anya nazi, mpe, chukua nyengine.

Uani hapana. Alfajiri hapana. Ulimkana mlangoni, mkunie mlangoni. Himid akisema lake, na atasema, muoneshe nazi iliyobakia umwambie, "Saumu yako ndefu, njoo usaidie." Akija, mmepata mkono wa pili. Asipokuja, atanyamaza, maana hakuna kinachomnyamazisha mvivu kama kualikwa kazini.

Padri lazima ajue, lakini si kwa mkutano. Muendee, umwambie maneno mawili. Kwamba ile mbuzi hukuwa unaijaribu, ulikuwa unaikalia. Na kwamba ile miguu ilisuguliwa na nani, kwa mkono gani, akiwa katika hali gani. Yeye amepiga magoti kwenu miaka yote hii akiwaosha miguu iliyokwisha oshwa, na nadhani atafurahi kusikia kwamba mmoja wenu alikuwa na miguu michafu kweli, akaipitisha kwanza kwa jirani kabla ya kufika kwake. Akikwambia atakuja kuona, aje, ashike kifumbu akamue tui. Lakini kamati yako isikanyage pale, na ole wako nikisikia imepigwa picha.

Jengine. Wewe ndiye unayezunguka mji kuwaangalia wagonjwa, na mgonjwa yuko chini ya ngazi yako na kitambaa mkononi. Mfuate asubuhi moja, mwende wote hospitali, mkono ukaangaliwe. Ukae naye kwenye foleni. Fundi unajua vizuri kuliko mimi kwamba kitu kilichovunjika kikifungwa kitambaa tu hakiungi.

Na kukuna kusiishie Idi. Utakuna mpaka Wanu arudi kutoka Bwejuu na mtoto wake mgongoni, na akirudi utauliza kama bado unahitajika, na ukiambiwa hapana utaondoka bila ya kununa. Hilo la mwisho ndilo litakalokuwa gumu kuliko yote, nakutahadharisha.

Nikwambie kitu kimoja kilichonikosesha usingizi wangu wa mchana baada ya kuisoma barua yako. Nilikuwa namfikiria mama yako. Mfuaji nguo, kakaa uani kwenye nyumba ya watu, mtoto wake mwenyewe kifuani hajashiba, analetewa mtoto wa bwana mwenye nyumba analia. Yule mama hakutoka kutazama nani anapita kichochoroni. Hakusema mambo ya watu yananihusu nini. Alikuhamisha wewe upande mmoja, akamweka yule upande wa pili. Alitoa maziwa ya kifua chake. Wewe, mwanawe, umeombwa tui la nazi tu.

Basi shuka. Kuna, kamua ukiambiwa ukamue, halafu nenda zako juu ukanawe uso, usisahau nyusi. Magharibi mkono wa ngazi utagongwa. Usikilize kama umeitwa, lakini usihuzunike kama hukuitwa siku ya kwanza. Chukua sahani, kaa, funua kawa. Ukikuta tui, shukuru kwa maneno mnayoyatumia huko kwenu, ule. Ukikuta chukuchuku, shukuru kwa maneno yaleyale, uimalize yote, na kesho yake adhuhuri ushuke tena.

Ni mimi mtoto wako,
Bi Mashavu